Mkojo wangu ulipopimwa kwa namba ya Mama Akello, Malaba miaka ya tisini

Wakuu, nawasalimu wote, mlioamka vizuri na mlioamka vibaya.

Mimi ni mzee wa Malaba, upande wa Kenya. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona herufi imepotea njia muisamehe. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Majina ya wengine nimebadilisha. Langu nimeliacha, ni Omuse, kwa sababu watu wote ambao wangenicheka walishanicheka zamani.

Ni habari ya mkojo. Kama unakula, maliza kwanza.

Miaka hiyo nilikuwa boda boda. Vijana wa leo wanadhani boda boda ni pikipiki. Ilianza na sisi wa baiskeli, tukivusha watu kutoka boda ya Kenya mpaka boda ya Uganda, kiti cha nyuma tumekishonea sponji na kitambaa cha maua. Yangu ilikuwa Black Mamba, na kengele yake ilisikika kabla sijaonekana.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kiti hakirudi kitupu. Ukipeleka mtu upande wa pili, hurudi mpaka upate wa kurudi naye. Ukikosa mtu unabeba gunia. Ukikosa gunia unabeba kuku wa mtu. Kumbukeni hiyo sheria, ndiyo iliniponza.

Sasa kukaja mradi. Watafiti walikodi nyumba upande wa Alupe, wakaweka mashini. Walikuwa wanapima mkojo wa akina mama wajawazito wa Malaba, waone kama wana magonjwa ya zinaa bila kuwalaza kitandani na kuwachungulia. Ugonjwa wa kawaida wa njia ya mkojo nao walikuwa wanautafuta.

Mkojo ulichukuliwa kliniki ya Malaba. Mashini ilikuwa Alupe. Katikati ni barabara, na barabara nilikuwa naijua mimi.

Wakanipa kazi. Kila Jumanne na Ijumaa nafunga sanduku la baridi nyuma ya baiskeli, lile la kuwekea soda, ndani barafu na chupa ndogo zenye namba, kila moja kwenye tundu lake. Barafu tulikuwa tunachukua kwa magari ya samaki, kwa hivyo sanduku lilinuka mbuta hata kabla ya kuwekwa kilichowekwa.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Siku ya kwanza wakauliza nimebeba nini. Nikasema mkojo. Wakacheka. Mmoja akasema anajua hiyo ni pombe ya waragi ya kutoka ng'ambo, akafungua chupa akaileta puani.

Akaifunga vizuri sana. Tangu siku hiyo alikuwa ananipungia mkono nikiwa bado mbali.

Pale Alupe mashini ilikuwa chini ya dada mmoja Mkamba, nitamwita Mwende. Sisi tulimwita daktari. Yeye alisema si daktari, ni mtu wa maabara. Tukaendelea kumwita daktari.

Nilimuuliza siku moja hicho kidude kinaonaje ugonjwa, maana kilikuwa kidogo kama redio ya kaseti na hakikuwa na jicho popote. Akaniambia hakimuoni mdudu. Kila mdudu ana maandishi yake ndani. Mashini inatafuta kipande cha hayo maandishi, ikikipata inakinakili, inanakili tena ile nakala, mpaka zinakuwa nyingi za kuonekana. Inapasha moto, inapoza, inapasha tena, asubuhi hadi mchana, kama stima haijapotea.

Hiyo niliielewa haraka. Darasa la tatu na mimi nilikuwa nanakili ubaoni bila kumuona mdudu.

Haya. Nije kwangu.

Mke wangu ni Nafula, Msamia wa Sio Port. Mwaka huo baba yake mdogo alifariki tukaenda matanga. Tulikaa siku tatu. Kurudi Malaba, haikupita wiki nikaanza kuumwa. Nikienda haja ndogo inaunguza kama nimemwagiwa maji ya pilipili. Nikimaliza nataka tena. Nikirudi, matone mawili. Na baiskeli ndiyo kazi, mnajua kile kiti kimekaa wapi.

Sasa mwanamume wa Malaba akiumwa hapo, hakuna anayeuliza sababu. Malori yamepanga foleni mpaka huoni mwisho, lojingi kila hatua, na wewe kazi yako ni kupeleka watu kwenye hizo lojingi. Kesi imeshakatwa.

Na wallahi sikuwa nimeenda kwa mtu. Sijisifu. Nilikuwa nachoka.

Zahanati sikwenda. Nesi wa pale alikuwa anaimba kwaya moja na Nafula. Nikaenda kwa jamaa mmoja sokoni aliyekuwa anadunga watu sindano nyuma ya duka la mitumba. Hakunipima. Aliniangalia usoni akasema, hii ni ya Malaba. Akanidunga. Wiki ya pili akanidunga tena, upande wa pili, ili mwili usiegemee.

Haikupona. Lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Nafula si mtu wa kelele. Aliniuliza mara moja tu, "Baba Ekisa, ulienda kwa yule mtu kwa sababu ya malaria?" Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ilikuwa aibu, yeye akasikia jibu. Asubuhi akafunga nguo za watoto wawili, akaenda kwao Sio Port.

Shemeji zangu wakatuma neno. Nije na karatasi ya hospitali inayosema ugonjwa wangu ni gani. Shule zikifunguliwa kabla sijaja, watoto wataandikishwa kule kule, na hapo mambo yamekwisha.

Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki nne.

Narudi wakuu, simu ilizima.

Naona mmoja ameuliza kwa nini nisingemwambia tu Mwende anipime. Swali zuri. Mimi pia nimejiuliza miaka hii yote. Mradi ulikuwa wa akina mama, na mimi niliogopa. Mtu anayekuheshimu kwa sababu unafikisha sanduku kwa wakati, unaanzaje kumwambia unaunguzwa na mkojo?

Sasa Ijumaa moja nesi ananipa sanduku, naona chupa moja haina kitu. Namba kumi na saba. Mwenyewe hakuja kliniki. Nesi aliandika kwenye karatasi kwamba hakuja, akarudisha chupa tupu ndani ili isipotee.

Nikapiga pedali. Nimepita Adungosi, kichwa kinasema: tundu moja linasafiri tupu.

Nikasimama kwenye mtama wa mtu. Nikaijaza ile chupa kwa mkojo wangu.

Msinihukumu haraka. Hiyo ilikuwa akili ya kazi. Kiti kikiwa wazi, mtu anapanda. Mimi mwenyewe nilikuwa abiria sasa.

Pale Alupe karatasi ilisema hakuja, chupa ikasema amekuja. Wakaamini chupa.

Majibu yalichukua zaidi ya wiki mbili, kwa sababu ya stima. Yalirudi Malaba ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa baiskeli yangu, na mimi nisiweze kuyasoma. Kwa hivyo siku hiyo nikakaa pale kliniki nje ya dirisha, najifanya nasubiri barafu.

Namba kumi na saba alikuwa Mama Akello. Alikuwa anauzia madereva chai kwenye foleni ya malori, mimba ya miezi sita, mume wake kibarua wa reli. Nilimjua kwa sura tu, mimi chai yangu nilikuwa nakunywa kwingine.

Nikasikia nesi anamwambia hana ugonjwa wa zinaa hata mmoja, mashini imetafuta imekosa. Ila mkojo una wadudu wa kawaida, wale wanaokaa tumboni, wamehama njia. Na ni wagumu, dawa nyingi za madukani na sindano nyingi hawazisikii. Atapewa vidonge vingine.

Wakuu, nilisimama pale dirishani nikasikia mwili unakuwa mwepesi. Hana zinaa. Yaani sina zinaa. Nilijua hivyo tangu mwanzo, lakini hata mimi nilikuwa nimeanza kujishuku.

Halafu nikamsikia Mama Akello akisema, kwa heshima, "Lakini sista, siku hiyo mimi sikuja."

Nesi akamwambia karatasi ya majibu imeandika amepimwa. Mama Akello akatazama ile karatasi kidogo, akachukua vidonge, akaenda.

Na mimi nikaenda. Nikafunga sanduku, nikapanda baiskeli.

Nilipiga pedali na furaha mpaka pale kwenye ule mtama. Pale furaha ikaisha. Kwanza, karatasi ni ya Mama Akello. Nitaipelekaje Sio Port? Nimwambie shemeji mimi ndiye mjamzito wa miezi sita? Pili, ni hili lililokuwa zito zaidi. Mama wa watu anaenda kumeza vidonge vya ugonjwa wangu, na mtoto ndani. Na kama ana wake mwenyewe, hakuna anayeujua.

Nikisema, kazi imekwisha, pengine polisi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua milele.

Nilifika Alupe nikamkuta Mwende anaandika. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kuanzia matanga mpaka mtama. Alifunika kalamu. Halafu akasema, "Rudi umzuie kabla hajameza. Mengine baadaye."

Sijawahi kuendesha baiskeli vile. Yule askari wa kizuizi alipunga mkono, sikuuona.

Nilimkuta Mama Akello anamimina chai kwa dereva. Nikamwomba kando. Nikamwambia. Yeye akafungua pindo la leso, vidonge vyote viko pale, hata kimoja hakijatoka.

Akasema, "Nilijua si vyangu. Mimi sikukojoa. Sasa nilikuwa nangoja nijue ni nani amekojoa."

Nikasema ni mimi.

Akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye malapa. "Omuse, umenipa ugonjwa hata bila kunigusa."

Dereva akacheka akamwaga chai. Nikajua hiyo habari itafika Kampala kabla ya jioni.

Kesho yake tulirudi kwa Mwende wote wawili. Tukatoa upya, kila mtu na chupa yake, kila mtu na jina lake. Mwende alinikemea kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Aliniambia tundu tupu kwake ni jibu pia, linasema huyu mama hakuja, atafutwe. Mimi nilikuwa nimefuta hilo jibu. Kazi hakuninyima. Alinunua kufuli akaitia kwenye sanduku, ufunguo mmoja kwake na mmoja kwa nesi.

Halafu akaniuliza maswali. Nakunywa maji kiasi gani kwa siku? Nikasema kikombe, labda, ukiyanywa maji unashinda ukitafuta mahali pa kukojoa na kule boda hakuna. Iliniuma kuanzia lini? Nikasema baada ya matanga. Kule matanga nilikuwa naenda haja wapi?

Nikamwambia sikwenda.

Akaniuliza kivipi, siku tatu. Ikabidi nimweleze, huko kwao haiko hivyo pengine. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humshiki mkono, huketi naye chumba kimoja, na choo anachoingia yeye wewe huingii. Sasa Sio Port kwa wakwe zangu choo kilikuwa kimoja. Kichaka hamna, kila pahali kumeanikwa omena, wale dagaa wa ziwani, na akina mama wamekaa wanafukuza ndege. Kwa hivyo nilikuwa nashika mchana kutwa. Giza likiingia naenda mbali huko. Na maji sikunywa, ili nisiwe na cha kushika.

Mwende akaweka mikono mezani. Akasema mkojo ukikaa sana ndani na maji huongezi, wale wadudu wanapata nafasi ya kuzaana. Hawezi kuapa ndiyo sababu pekee, na mwanamume akiugua hivyo lazima daktari wa kweli amwangalie na mengine. Lakini kama angelazimika kuandika mahali ugonjwa ulipotoka, hangeandika lojingi.

Kwa hivyo, wakuu, heshima yangu kwa mama mkwe ndiyo iliyonipokonya binti yake.

Majibu mapya yalitoka mapema, stima ilikuwa na huruma. Wangu ni wale wale, zinaa hakuna. Mkojo wa Mama Akello ulikuwa safi kabisa. Hiyo iliniuma kuliko kukojoa. Angemeza dozi nzima ya bure. Daktari wa kweli akanipa vidonge vyangu, akaniambia maji ninywe mpaka nichoke.

Zilibaki siku tano shule zifunguliwe. Karatasi ninayo, ya jina langu. Lakini mama mkwe atakuwepo, na mbele yake siwezi kutamka mkojo, siwezi kutamka choo, siwezi kutamka sehemu yoyote chini ya kifua. Mama Akello akasema ataenda yeye aseme. Hakusema ni kwa ajili yangu. Alisema omena ya Malaba imejaa mchanga na anataka kununua kule inakotoka.

Nikashukuru. Tukaenda.

Kuna jambo sikulifikiria mpaka tumeingia kwenye boma. Mimi ndiye mtu niliyekuja kuonyesha sikuwa na mwanamke Malaba. Na nyuma yangu anatembea mwanamke wa Malaba, tumbo liko mbele.

Shemeji zangu watatu walisimama pamoja. Nafula alikuwa anachambua omena, mikono yake ikasimama. Mkubwa wao akasema, "Shemeji, tulisema ulete karatasi."

Mama Akello hakungoja kiti. Akawasalimu, akasema ana mume wake, anafanya kazi ya reli, na huyu Omuse hata kikombe cha chai hajawahi kununua kwake. Akasema amekuja kwa sababu mtu huyu alimuibia chupa.

Akaeleza yote. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba, mlango umeegeshwa, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya ukingo wa paa, mgongo kwa mlango, ndivyo inavyotakiwa. Mama Akello alikuwa anaongea kwa sauti ya kuuza chai, kwa hivyo kila mtu alisikia, na majirani wawili. Akafika kwenye choo. Akasema mtu huyu aliugua kwa sababu alikuja kuzika hapa, akaona aibu kuingia choo cha mama mkwe wake, akashika siku tatu.

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Shemeji mdogo aliyesoma akaisoma mara mbili.

Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa jagi la maji na kikombe, ukaweka chini. Mama mkwe akasema kutoka ndani, si kwangu, kwa hewa tu, "Amesemwa anywe maji. Anywe."

Nikanywa. Huwezi kuacha maji ya mama mkwe. Jagi lilikuwa la lita tatu, lile la plastiki la matanga, na shemeji zangu wote wananiangalia. Nilimaliza.

Tukaendelea kuketi. Wakaongea bei ya nyavu. Wakaongea mvua. Nafula anachambua omena. Mimi naanza kuhama tako hili na lile. Najua na wao wanajua. Hakuna wa kusema. Hata Mama Akello alinyamaza, na hilo halijatokea tena.

Nilishika. Niliona jua linasogea kutoka mguu wa kiti mpaka mguu mwingine.

Ndipo mama mkwe akasema tena kutoka ndani, sasa kwa jina la binti yake.

"Nafula. Mwonyeshe mume wako choo."

Alisema mume wako. Wote walisikia.

Nafula akapangusa mikono na kusimama. Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akasema, "Nifuate." Nikamfuata. Njia inapita katikati ya omena, akina mama wakageuza nyuso. Alinisubiri nje, mgongo kwa mlango. Nilikaa mle ndani muda mrefu, bado ilikuwa inaunguza kidogo. Nilipotoka akaniuliza kama inauma. Nikasema inapungua.

Akasema, "Ungesema tu."

Jumatatu watoto waliingia shule Malaba.

Mradi uliisha mwaka uliofuata, mashini ikaondoka na watu wake. Mama Akello alijifungua msichana. Chai nilianza kunywa kwake, na kila nikifika aliwaambia wateja wapya huyu ndiye aliyenikojolea, mpaka akazeeka.

Nilichojifunza ni hivi. Ukiumwa huko, pimwa, kwa jina lako, kabla hujadungwa na mtu asiyekupima. Wanaume, maji mnywe na haja msishike, hata kwa wakwe. Na aliyeumwa hapo msimkatie kesi kwa kutazama mahali anapofanyia kazi.

Choo cha pili pale Sio Port nilikichimba mwenyewe likizo iliyofuata, mimi na shemeji. Bado kipo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikiita cha Omuse.

Wale mlio na wakwe mbali, niambieni hapa chini nyinyi mnafanyaje. Nataka kujua kama ni mimi tu.